Injini ya Toyota Ndani ya Land Rover

Katika gereji za Makongolosi, mji wa wachimbaji wa dhahabu wilayani Chunya, ubishi wa Land Rover na Land Cruiser hauhitaji mwanzilishi. Gari moja likiingia likivuja oili, umeshaanza. Mzee aliyeendesha Land Rover 109 kabla ya lami atasema gari kama lile halitengenezwi tena. Kijana atamjibu kwa adabu, "Sawa mzee, lakini si ndilo lililokuwa linalala njiani?" Utingo asiyemiliki hata baiskeli ndiye atakayepaza sauti kuliko wote. Kisha fundi, aliyekuwa kimya chini ya chasisi, anatoa kichwa na kuuliza: hiyo Land Rover mnayoisifia inavutwa na injini ya nani?

Mara nyingi jibu ni: ya Toyota.

Swali hilo linaonekana la spana na nati, lakini lina umri mkubwa kuliko gari lolote. Kitu kilichobadilishwa viungo, kimoja baada ya kingine, bado ni kile kile? Na kama si kile kile, wabishi wanalinganisha nini na nini? Kabla ya kusema hiki kinakizidi kile, lazima ijulikane kila kimoja kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na kwa magari haya mawili mipaka hiyo imefutwa na barabara na mafundi.

Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Land Rover 109 ilipewa namba hiyo kutokana na umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, inchi 109, yaani karibu sentimita 277. Matoleo yaliyozoeleka Afrika Mashariki ni Series II ya 1958, IIA iliyofuata, na Series III iliyoanza 1971 ikakoma 1985. Injini yake maarufu ilikuwa ya silinda nne, cc 2,286: ya petroli ilitoa nguvu za farasi 77, ya dizeli 62. Land Cruiser ya familia ya 40, iliyotoka 1960 na kufika mwisho 1984, ilikuja na injini ya petroli ya silinda sita, cc 3,878, farasi 125. Kuanzia 1975 ikapata nyingine ya cc 4,230 yenye farasi 135. Kwa nguvu ya kuzungusha, ile inayohitajika tope likifika kwenye ekseli, petroli ya Land Rover ilitoa nyutoni-mita 168. Ya Toyota ilivuka 280.

Kwa tarakimu hizo mechi imekwisha kabla ya mapumziko. Ndiyo maana Cruiser za mwanzo ziliweza kutembea na gia tatu tu wakati 109 ilikuwa na nne: injini kubwa haihitaji kusaidiwa sana. Hata hivyo farasi wa vitabuni si lazima wawe farasi wa barabarani. Vipimo vya enzi zile vilifanywa mara nyingi injini ikiwa juu ya meza ya majaribio, haijabebeshwa feni wala mafla. Kisha kuna mlima. Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Chunya hupanda safu ya milima ya Mbeya kupitia Kawetere, ikavuka kimo cha mita 2,000 kabla ya kuteremka. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ile dizeli ya farasi 62 inabaki na kama 50, na nyuma kuna abiria, magunia, na pipa la mafuta. Wazee wa Chunya hawakuhitaji kipimo kujua hayo. Waliposikia 109 ikipanda kwa gia ya pili, walijua bado wana muda wa kumaliza chai.

Magari haya, kwa mambo ya nasaba, hayana haki ya kuringiana. Yote mawili yanatokana na jeep ya Kimarekani ya Vita Kuu ya Pili. Gari la majaribio la kampuni ya Rover mwaka 1947 lilijengwa juu ya chasisi ya jeep, na Land Rover ikaoneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, ikiwa imevikwa mabati ya aloi ya alumini kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita. Toyota nayo ilitengeneza jeep yake mwaka 1951, na Julai ya mwaka huo ikaipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja 1954, nalo lilichaguliwa makusudi lisisikike duni mbele ya Land Rover.

Tofauti yenye maana haiko kwenye farasi. Iko kwenye namna kila gari linavyoharibika.

Chukua ekseli ya nyuma. Kwenye 109, uzito wa gari umebebwa na kasha la ekseli pamoja na beringi za gurudumu. Shafti iliyo ndani ina kazi moja tu, kuzungusha. Shafti hiyo ilijulikana kwa kukatika, hasa dereva alipoachia klachi kwa pupa kwenye tope. Lakini ikikatika, dereva anafungua bolti za kizibo katikati ya gurudumu, anavuta kipande cha chuma kilichopakaa oili, anakitupa nyuma ya kiti, anaingiza gia ya magurudumu manne, na gari linaendelea likivutwa na magurudumu ya mbele hadi nyumbani. Kwenye Cruiser ya 40, shafti ya nyuma inazungusha na kubeba uzito kwa pamoja. Ni nene, imara, haikatiki ovyo. Siku ikikatika, gurudumu lenyewe linaweza kutoka, na hapo hakuna ujanja wa porini utakaosaidia.

Hizo ni njia mbili za kudumu duniani. Cruiser inadumu kwa kutoharibika. Land Rover inadumu kwa kutengenezeka. Waliounda ya kwanza walijaribu kumwondolea dereva haja ya fundi. Waliounda ya pili, kwa kujua au kwa umaskini wa vita, walimfanya kila dereva kuwa fundi nusu. Bodi ya 109 imefungwa kwa bolti na riveti, mlango unang'oka kwa dakika chache, bawa la mbele likipondwa linafunguliwa na kunyooshwa chini ya mwembe.

Urahisi huo ndio uliofungua mlango wa swali la fundi. Gari linalokubali kufunguliwa kila kiungo litakubali pia kiungo kigeni. Injini ya asili ilipochoka na spea zake kuadimika, wenye 109 walianza kufunga dizeli za Kijapani, kama ile ya Toyota aina ya 3L yenye cc 2,779. Kazi yenyewe ni ya subira. Mchongaji anachonga sahani nene ya chuma ya kuunganisha injini ya Mjapani na gia boksi ya Mwingereza, maunting zinachomelewa upya, rejeta inasogezwa mbele. Kipimo kikubwa ni kitovu: katikati ya klachi na shafti ya gia boksi lazima viwe mstari mmoja kabisa, la sivyo beringi itaanza kulia mapema na kazi yote itarudiwa. Wengine huona bora wahamishe na gia boksi ya Toyota moja kwa moja. Baadaye inafuata difu, halafu breki. Baada ya miaka, kilichobaki cha asili ni mabati, dashibodi na nembo ya mbele iliyopauka.

Kwa Cruiser mambo huenda kinyume, na hapa kuna jambo ambalo wabishi wengi hawalizingatii. Bodi ya Land Rover, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni alumini, haishiki kutu ovyo. Kinacholiwa ni chasisi yake, boksi la chuma linalotunza maji na udongo ndani. Bodi ya Cruiser ni ya chuma na hutoboka sakafuni na pembeni, huku chasisi yake nene ikisubiri bodi nyingine. Gari moja linabaki na ngozi na kupoteza mifupa. Jingine linabaki na mifupa na kupoteza ngozi.

Sheria imeamua upande wake. Kadi ya usajili ya Mamlaka ya Mapato Tanzania huandika namba ya chasisi na namba ya injini. Injini ikibadilika, taarifa hutolewa na kadi hurekebishwa. Gari ni lile lile. Chasisi ndiyo roho ya gari machoni pa serikali. Kwa kipimo hicho Cruiser iliyobadilishwa bodi nzima haina mashaka yoyote, ilhali Land Rover ambayo kila kitu chake kimeokoka isipokuwa chasisi iliyooza ina kesi ya kujibu. Ni uamuzi wa haki? Ni uamuzi rahisi, na polisi wa barabarani hawezi kufanya kazi kwa falsafa.

Wanafalsafa walifika hapo kabla ya polisi. Plutarch aliandika kwamba Waathene waliihifadhi meli ya shujaa Theseus kwa kung'oa kila ubao uliooza na kuweka mpya, na wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakisema ni meli ile ile, wengine wakikataa. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza kipengele kibaya zaidi: vipi kama mtu aliokota mbao zote za zamani akaziunga tena kuwa meli? Sasa zipo mbili, ipi ndiyo ya Theseus? Kwa Hobbes hilo lilikuwa zoezi la akili. Mafundi wa Mbeya hulifanya kwa mikono. Injini ya asili iliyotolewa kwenye gari moja haitupwi. Inalala kona ya gereji, inaungana na gia boksi iliyotoka kwa jingine na milango ya la tatu, na siku moja mkweche mwingine unatoka ukinguruma.

Kwenye maandiko ya Kibudha kuna mjadala unaohusu chombo cha magurudumu moja kwa moja. Mfalme Milinda, aliyetawala kaskazini magharibi mwa India karne ya pili kabla ya Kristo, alimjia mtawa Nagasena kwa gari la kukokotwa. Mtawa akamwuliza: gari lako ni ekseli? Ni magurudumu? Ni fremu? Mfalme akakana moja baada ya jingine. Basi gari liko wapi? Hitimisho la Nagasena ni kwamba "gari" ni jina tu linalopewa viungo vikikaa pamoja kwa mpangilio fulani, na mtu naye ni vivyo hivyo. Makongolosi wangemkubalia nusu. Wangekubali kwamba gari si ekseli wala injini. Wangekataa kwamba ni jina tu, kwa sababu jina haliwezi kukwama kwenye mchanga njia ya Rungwa usiku, na jina halilipiwi deni la spea.

Mji huu unafaa kwa swali hili kwa sababu nyingine, nayo ni dhahabu yenyewe. Eneo la Lupa, ambamo mji huu umo, lilivuta wachimbaji wa kila namna tangu miaka ya 1920 na 1930, na hadi leo karasha zinasaga mawe mchana na usiku. Dhahabu ikiyeyushwa ikawa pete, pete ikayeyushwa ikawa hereni, haijaacha kuwa dhahabu. Mnunuzi hapimi historia yake. Anapima uzito na usafi. Basi mchimbaji aliyetoka kuuza gramu zake, akaingia gereji kulipia injini, ametoka mahali ambapo kitu ni maada yake tu na kuingia mahali ambapo maada yote inaweza kubadilishwa na kitu kikabaki. Aristotle angeyaita maada na umbo, naye angesema gari limo upande wa umbo: ni kitu kilichoundwa kwa ajili ya kazi, na bila kazi hiyo ni rundo la vyuma.

Lakini watu wa hapa ni waumini kabla hawajawa wafuasi wa Aristotle, na Wakristo kwa Waislamu wa mji huu wana fungu la imani linalouliza swali hilo hilo kwa uzito zaidi: ufufuo. Anayefufuliwa ni yule yule aliyezikwa, wakati mwili wake umekuwa udongo, udongo ukawa majani, majani yakaliwa na mbuzi? Agostino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354, aliukabili ugumu huo katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu kwa mfano wa kutisha: mtu amekufa njaani akaliwa na mwenye njaa mwingine. Nyama ile siku ya ufufuo ni ya nani? Agostino akajibu kwamba ni ya mwenyewe wa kwanza. Yule wa pili aliichukua kama mkopo. Ni tatizo la spea, limeulizwa karne kumi na tano kabla ya spea. Kwa kanuni ya Agostino, siku ya hukumu kila gia boksi ya Mbeya ingerudi kwa gari lake la kwanza, na barabara ya Chunya ingejaa mabodi yaliyokaa chini.

Imam al-Ghazali, aliyefariki 1111, alipita njia nyingine. Katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alisema Mungu anaweza kuirejesha nafsi kwenye mwili, uwe wa maada ile ile au ya nyingine, kwa kuwa mtu ni yeye kwa nafsi yake, si kwa mwili wake. Akatoa ushahidi ambao kila mzazi anaujua: mwili wa mtu hubadilika tangu utotoni hadi uzeeni, kwa kukonda, kunenepa na kubadili chakula, na bado ni mtu yule yule.

Jibu la Ghazali ni imara kuliko la Agostino, lakini haliwezi kuazimwa kwa gari bila kulipia. Gari halina nafsi. Atakayetaka kusema Land Rover yenye injini ya Toyota bado ni Land Rover lazima aoneshe ni nini ndani yake kinachosimama mahali pa nafsi. Nembo haitoshi. Kiwanda chenyewe kilifunga mlango wa Defender, mrithi wa 109, tarehe 29 Januari 2016 baada ya magari zaidi ya milioni mbili ya ukoo huo, kisha 2019 kikatoa Defender mpya isiyo na chasisi ya ngazi wala ekseli ngumu. Nembo imehama, kilichokuwa chini yake hakikuhama. Namba ya chasisi nayo haitoshi, kama ilivyoonekana kwenye kutu.

Kuna wanaosema ni maada ya awali. Land Rover ya kwanza kabisa katika namba za uzalishaji, chasisi 860001, iliyosajiliwa JUE 477, ilifanya kazi shambani Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, ikaachwa ikaoza, na hatimaye ikakarabatiwa na watu waliojitahidi kubakiza kila kipande cha awali kilichoweza kubaki. Huo ni uchaji, unaofanana na heshima ambayo makanisa ya kale huipa mifupa ya watakatifu, na hauna ubaya. Ila gari lililofikia hadhi hiyo halibebi tena magunia. Limedumu kwa kuacha kazi.

Jibu lenye nguvu zaidi liko kwenye mfululizo wa kazi na wa dhamana. Gari lililokuwa likipeleka watu mnadani, likavunjika, likafungwa injini nyingine ili lipeleke watu mnadani, chini ya mwenyewe yule yule au aliyemrithi, likijulikana na abiria wale wale kwa mlango wake unaofungwa na waya, ni gari lile lile. Kila badiliko lilifanywa kwa ajili ya kuendeleza kilichokuwepo. Ule mkweche uliounganishwa kutokana na viungo vya kona ya gereji, hata kama kila nati yake ni ya asili, ni gari jipya, kwa sababu hakuna kazi inayouendeleza wala deni linaloufuata. Hobbes angepata jibu lake hapo: meli ya Theseus ni ile iliyokuwa ikitengenezwa ili ibaki majini.

Kwa msingi huo, kuupima mvutano wa 109 na Cruiser kwa farasi peke yake ni kulinganisha magari mapya, jambo ambalo Makongolosi halijawahi kuwa swali. Anayetaka kufika leo, kwenye barabara mbovu, bila kujua chochote kuhusu spana, alikuwa sahihi kuchagua Cruiser, na tarakimu zinamuunga mkono. Aliyetaka gari atakalowaachia watoto, katika nchi ambayo spea huja na kutoweka, alikuwa sahihi kuchagua 109. Kwamba gari la pili liliendelea kuishi kwa damu ya la kwanza si aibu kwa Land Rover. Ni sifa ya Toyota kuwa na injini ya kuazimwa, na ni sifa ya Land Rover kuwa na nafasi ya kuipokea. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya Land Rover kwa mamia kwenye tamasha lake, msafara mrefu ukikatiza mji. Kama sharti lingekuwa injini ya kiwandani, msafara ule ungekuwa mfupi zaidi, na wangebaki nje wengi wa waliolifanya gari hilo lidumu Tanzania.

Sasa lami imefika Makongolosi, zaidi ya kilomita 110 kutoka Mbeya, na abiria wanapanda magari yasiyojua tope. 109 na Cruiser za 40 zimebaki kwa wanaokwenda kwenye maduara ya wachimbaji na vijiji vya mbali, na kwa wanaozipenda tu. Bei zake zinategemea maelewano na maneno matamu ya muuzaji. Anayekusudia kununua mojawapo asianze kwa kufungua boneti na kuuliza injini ya nani. Alale chini na tochi, agonge chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi kwenye shikizo za springi za nyuma asikilize palipooza, asugue namba ya chasisi mpaka isomeke, ailinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu, kisha ndipo wazungumze pesa.